Wanatuambia tuache bukari. Na mifupa je?

Siku hizi, kuanzia Kolwezi mpaka Kipushi, kupitia Likasi na Lubumbashi, kuna neno moja linalotembea mu makambi na mu mitaa: «Punguza bukari.» Dokta analisema kwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari. Infirmiye analisema kwa dereva wa lori la mugodi ambaye tumbo limezidi mukaba, kwa sababu anakaa kitako saa 12 mu kabini. Mama anayetaka kupungua kidogo mbele ya harusi ya binti anajiambia mwenyewe. Na kijana analiona ku simu, kisha anakuja kulihubiri nyumbani sawa vile ni yeye alilivumbua.

Sisi hatuna ubishi na neno lenyewe. Mwenye kutaka ahesabu: unga wa mahindi gramu 200, ambao si mwingi kwa mutu anayetoka ku kazi, unaleta wanga gramu 150 hivi. Tumbo linaugeuza wanga huo kuwa sukari. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari huo ni muzigo mukubwa kwa kipindi kimoja, na akiupunguza kwa akili, damu yake inatulia. Tumeona wazee waliopata nafuu kwa njia hiyo.

Tunacholalamikia ni kingine. Wanatuambia cha kuacha, hawatuambii cha kuweka pa nafasi yake. «Docteur anasema niache bukari, sasa nguvu nitakamata wapi?» njo ulizo la kila mutu wa shimo, na ni ulizo la haki. Lakini kuna ulizo la pili ambalo hatulisikii kabisa ku dispanseri: mifupa itakula nini?

Tuseme wazi mara moja, ili bamama wasituelewe vibaya. Bukari yenyewe haijengi mifupa. Ndani ya gramu 100 za unga mweupe wa mahindi, kalsiamu, ile madini inayokazanisha mifupa na meno, haifiki hata miligramu 10. Mutu muzima anaomba miligramu 1000 kwa siku. Mama aliyepita miaka 50 anaomba 1200, na kijana anayekua anaomba 1300. Kwa hiyo ukiacha bukari, kalsiamu uliyopoteza mu unga ni bure tu.

Shida iko ku mboga. Kwetu bukari ni chakula, lakini ni kijiko pia. Ni kwa bukari njo tunakamata matamba, tunakamata lengalenga, tunafuta muchuzi wa kapenta mpaka chini ya sahani. Mutu anapoondoa bukari, mara nyingi mboga inaondoka nayo, kwa sababu nani atakaa kutafuna matamba matupu? Anakwenda ku nyama. Jioni anakula mishikaki mitano, mayai mawili, na avoka kama pesa iko. Anashiba, sukari inashuka, anafurahi. Kumbe nyama gramu 100 ina kalsiamu miligramu 10 ao 15 tu. Yai moja lina 25 hivi. Avoka ni chakula kizuri, lakini kwa kalsiamu haina neno. Na maharagi, ambayo yalikuwa yanasaidia kidogo, yametupwa pamoja na bukari kwa kuwa nayo yana wanga. Fanya hesabu ya sahani hiyo: haifiki 150. Kwa mwezi, kwa mwaka, kwa miaka mitano, mutu huyu anaishi na deni.

Na deni hilo mwili haumungojei mutu. Asilimia 99 ya kalsiamu yetu iko mu mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki inatembea mu damu, na bila hiyo moyo haupigi vizuri na misuli haivuti. Basi damu inapokosa kalsiamu ya chakula, mwili unaingia mu depo, yaani mu mifupa, unachukua. Unachukua leo, kesho, kesho kutwa, na hakuna maumivu yoyote. Mwenye depo hana habari. Atapata habari siku anateleza ku ngazi, anaweka mukono chini, na kifundo kinavunjika kwa kuanguka kudogo ambako mbele kungemuchekesha. Ao mama anainua bidon ya maji na mufupa wa mugongo unajikunja.

Kwetu sisi wa migodi, hili si neno la wazee peke yao. Mugongo njo chombo cha kazi. Wale wanaochimba kwa mikono, creuseurs, wanapandisha mifuko kutoka mu shimo kwa mabega. Wa kampuni wanatikiswa mu mashine posti nzima ku njia ya mawe. Tena mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari ya kuvunjika mifupa kuliko mwenzake, hata pale mashine ya kupima inaonyesha kwamba mufupa uko sawa. Ndiyo kusema, yule yule tunayemwambia aache bukari njo yule ambaye mifupa yake inaomba ulinzi zaidi.

Kuna jambo linatuchekesha na kutuumiza pamoja. Sisi tunakaa juu ya kalsiamu. Mwamba wa dolomie unaofungana na shaba na kobalti yetu ni kalsiamu na manyeziamu. Mafundi wa kiwanda wanaujua vizuri kwa sababu unakula asidi yao. Pale Likasi, karieri ya Kakontwe inatoa mawe ya chokaa tangu wakati wa wazee wetu. Tunaipasua kalsiamu kwa baruti, tunaibeba kwa malori, na ku meza haiko.

Tusikimbilie kulamba mawe, tafazali. Lakini kuna habari ya Nigeria ambayo inatufaa. Kule Jos, mji uliokua kwa sababu ya machimbo ya bati, madokta walikuwa wanaona watoto wengi wenye miguu ya kupinda. Wazungu walikuwa wamezoea kusema ugonjwa huo unatoka kwa kukosa jua, kukosa vitamini D. Lakini Jos jua haliko haba. Walipochunguza, wakakuta watoto wanakula nafaka karibu tupu na kalsiamu yao ni kidogo sana. Mu mwaka 1999 walichapisha matokeo: watoto waliopewa kalsiamu, peke yake ao pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko wale waliopewa vitamini D peke yake. Kisha, mu 2015, wakalinganisha dawa mbili za bei ndogo: chokaa iliyosagwa na kupimwa na madokta, na samaki mukavu aliyesagwa. Zote mbili ziliponyesha mifupa ya watoto. Samaki mukavu! Kile ambacho kiko pale sokoni mu kikapu, bamama wanakipita.

Njo maana sisi tunasema, kama kuna chakula kimoja cha kuingiza pa nafasi ya bukari iliyopunguzwa, ni kapenta. Kapenta ya Tanganyika, chisense ya Moero, yoyote ile ndogo inayoliwa nzima na mifupa yake. Haina wanga, kwa hiyo sukari haipandi. Gramu 30 zikiwa kavu, yaani konzi ndogo ya mukono, zinaweza kuleta karibu nusu ya kalsiamu ya siku. Lakini lazima iliwe na mifupa. Kuna nyumba ambamo wanakata kichwa na kuchuna katikati ili wageni wasione aibu. Wanatupa kile walichonunua. Samaki mukubwa, tomson ao mwingine, nyama yake ni nzuri, ila mifupa yake unaiacha ku sahani, kwa hiyo kalsiamu inabaki pale. Sardini ya kopo, ile ambayo mufupa wake unavunjika mu kinywa, inafaa: kopo moja la kawaida linaleta 300 na kitu.

Kwa kuipika, bamama wanajua kutushinda, tutasema mawili tu. Ioshwe mara nyingi, kwa sababu inaanikwa ku muchanga. Na mutu asiyependa macho ya kapenta kumuangalia, aikaange bila mafuta, aitwange mu kinu mpaka iwe unga, aweke mu kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja ao viwili mu muchuzi wowote, mu matamba, mu uji wa mutoto. Harufu inapotea katikati ya vitunguu na nyanya.

Bitoyo tuiangalie kwa jicho lingine. Chumvi nyingi inafukuza kalsiamu kupitia mukojo, na presha inapanda. Anayeipenda ailoweke usiku, amwange maji, asiiongezee chumvi.

Mboga za majani zinafaa, lakini si zote sawa. Lengalenga ina kalsiamu nyingi ukiipima, ila iko na asidi fulani inayoifunga, na mwili unapata sehemu ndogo. Ile shu ya Chine ambayo inajaa mu bustani za Lubumbashi inaachilia kalsiamu yake vizuri zaidi. Sahani yake nzuri iliyopikwa inaweza kuleta 140 hivi. Matamba yana kalsiamu ya kutosha, na kila mutu anajua kwamba lazima yatwangwe na kuchemka muda mrefu ili sumu yake itoke. Dawa ya kuyala bila bukari nyingi ni hii: bukari iwe ngumi moja, si kilima, na mboga ijaze sahani. Wengi hawaambiwi hivyo. Wanasikia «acha», wanaacha vyote kwa wiki mbili, kisha wanarudia kilima kwa hasira.

Maziwa? Kopo moja la kunywa lina kalsiamu 300, na wanga wake ni gramu 12 hivi. Ukiipima na ile gramu 150 ya bukari, hofu haina maana. Maziwa ya unga ni sawa, kama ni maziwa kweli. Soma mufuko, kwa sababu kuna poda za mafuta ya mimea zinazojivika nguo ya maziwa. Lakini yale mazito matamu ya kopo wanayomwanga mu chai, zaidi ya nusu yake ni sukari. Mwenye sukari ayaache palepale. Anayevimba tumbo akinywa maziwa, na tuko wengi, ajaribu ya kuganda ao yoguti isiyo na sukari, tumbo linayapokea vizuri zaidi. Jibini ya Masisi, pale inafika na pale mufuko unaruhusu, ni kalsiamu nyingi na wanga karibu hakuna. Kwa sasa vita vinaifanya iwe chakula cha mabosi.

Tuunganishe basi siku moja: asubui maziwa kopo moja na mayai mawili, jioni konzi ya kapenta na sahani ya shu ya Chine pamoja na bukari ngumi moja. Unakaribia 1000, na wanga haujafika nusu ya ule wa mbele. Si chakula cha ajabu. Kila kitu kinapatikana ku soko la mutaa.

Sasa tuguse neno ambalo batu wengi hawapendi kuligusa. Sisi si watu wa mahali pengine. Tunapumua vumbi la madini. Mu 2009 wachunguzi wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Louvain, Ubelgiji, walionyesha kwamba batu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana mu mukojo, pamoja na plombi na kadimiamu kupita kiasi. Plombi inajificha mu mifupa miaka mingi. Na mwili unaokosa kalsiamu unaivuta plombi zaidi, sawa vile unadanganywa na rangi ya mufuko. Kadimiamu inaharibu figo, na figo zikiharibika mifupa inakuwa laini. Wajapani waliyaona hayo mu jimbo la Toyama: muto Jinzu ulibeba taka za mugodi wa zinki wa Kamioka, ukanywesha mashamba ya mupunga, na bamama wa kule wakawa wanavunjika mifupa kwa kukohoa tu. Ugonjwa waliuita «itai-itai», maana yake «inauma, inauma». Serikali yao iliukubali mu 1968 kuwa ugonjwa wa uchafu wa mugodi.

Hatusemi kwamba Katanga ni Toyama. Tunasema kalsiamu ya kutosha ni sehemu ya ulinzi, sawa na kofia na viatu, lakini haiondoi lazima ya wenye viwanda kufunga vumbi na maji yao. Na tunasema mboga itoke wapi. Bustani iliyo chini ya kilima cha taka, ao inayonyweshwa na muto wa rangi, kuosha majani hakutoshi. Madini iliingia kupitia muzizi. Nunua kwa yule unayejua shamba lake. Na mutu wa shimo avue nguo za kazi mbele ya kuingia nyumbani, asibebe mutoto na vumbi.

Pemba ile nyeupe ambayo bamama wenye mimba wanatafuna, wakisema inajenga mifupa ya mutoto, haijengi. Ni udongo, si chokaa. Inaweza kuzuia chuma cha damu, na inaweza kuwa na plombi. Mama mwenye mimba aulize vidonge vya kalsiamu ku CPN. OMS yenyewe inavishauri pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo. Ila asivimeze saa moja na vidonge vya chuma, vinapigana.

Lutuku na sigara vinakula mifupa pia, hilo halitaki maelezo marefu.

Jua nalo tusilisahau, kwa wale wa chini. Bila vitamini D, kalsiamu inapita tu. Ngozi inaitengeneza kwa jua, na jua la kwetu linatosha kwa anayeliona. Lakini mutu wa Kipushi ao Kamoto anayeshuka mbele ya mapambazuko na kupanda jioni, analiona wapi? Siku ya mapumuziko akae inje mikono wazi nusu saa, asilale siku nzima mu chumba. Wa posti ya usiku hivyo hivyo.

Na kwa anayemeza dawa ya sukari ao anayejidunga insulini: usikate bukari kwa kichwa chako mwenyewe. Dawa ilipimwa kwa kilima cha zamani; ukileta ngumi bila kumuambia dokta, sukari inaweza kuanguka ukiwa ku usukani ao ku ngazi ya shimo. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize mbele ya kuongeza samaki ao maziwa.

Wazee wa Union Minière na wa Gécamines wanakumbuka posho: unga, maharagi, samaki, mafuta, kila kitu kwa kipimo. Hatulilii ukoloni, na posho ile ilipimwa ili mutu afanye kazi, si kwa upendo. Lakini kulikuwa na mutu anayehesabu kinachoingia mu tumbo la mufanyakazi. Leo, ku migodi mingi, chakula cha kazini kimeachiwa mu-sous-traitant, na yeye anahesabu faida yake. Tumeona sahani: kilima cha wali ao bukari, kipande cha kuku, soda. Mwenye ugonjwa wa sukari hana la kuchagua ila kulala njaa ao kula sumu yake. Kisha dokta wa kampuni ileile anamukaripia kwa sababu damu yake haishuki.

Wadelege wa sendika wanajua kupigania saa za ziada, na tunawashukuru. Ku mukutano ujao na wakubwa, waweke pia sahani juu ya meza: wanga upunguzwe kwa anayeomba, kapenta ao sardini mara tatu kwa wiki, maji na maziwa pa nafasi ya soda, na orodha ya chakula ipitie mu mikono ya dokta mbele ya kusainiwa. Kontra ya kantini inaandikwa upya mara kwa mara. Waulize tarehe.